Ripoti inasema sabuni, deni limelipwa na mchele

Ndugu Mhariri, shikamoo kama umri wako unaruhusu, na kama ni kijana basi marahaba mwanangu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazikata, hii mkiona lazima basi kateni huku mwanzoni, mwishoni muache maana huko ndo nimeweka jambo lenyewe.

Mi ni mchuuzi hapa Tunduma, mpakani na Zambia. Nimefika mwaka 1998 kwa kuolewa, natokea Kyela, enzi hizo bado tunaitwa mkoa wa Mbeya, Songwe imekuja kuzaliwa 2016, na sa hivi nna wajukuu wanne na bado nabeba. Ninachobeba ni mchele. Nanunua Kyela kwetu au kwa wanaouleta hapa mjini, navusha Nakonde, ng'ambo upande wa Zambia, nauza, narudi. Ndo kazi, sina nyingine, na watoto watatu wamesoma kwa huo mchele.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni redio. Juzi nilikuwa nachambua mchele huku nasikiliza kipindi, akaja mtaalamu mmoja anaongea vizuri kweli, sauti ya taratibu, anasema wanawake wa mipakani wakiwezeshwa kwa miradi ya uzalishaji, akataja sabuni, batiki, uyoga na kuku wa kienyeji, basi wataachana na hii biashara ya kuvukavuka isiyo na uhakika. Nikacheka mpaka mjukuu akatoka ndani kuniuliza bibi kuna nini. Nimecheka kwa sababu mimi ni mzalishaji wa sabuni. Kwenye makaratasi. Nna picha na chupa mkononi, iko kwenye faili la watu.

Ngoja nieleze.

Mwaka 2022 tulikuwa wanawake kumi, wote wa mtaa mmoja, wote tunavuka. Tukasikia kuna mkopo wa vikundi, hauna riba, unarudisha ndani ya mwaka. Sitasema ni wa mfuko gani wala ofisi gani maana sitaki mtu aitwe aulizwe, na yule afisa aliyetuhudumia ni mtu mwema, alikuwa anakuja kwa miguu kwenye matope mpaka kwetu kutujazisha fomu. Kwenye fomu kuna sehemu ya aina ya mradi. Mwenyekiti wetu akasema andika kuuza mchele Nakonde. Yule afisa akaweka kalamu chini akatuangalia. Akasema mama zangu, hii nikiipeleka hivi itarudi, wenye kupitisha wanataka kitu cha kueleweka, kitu cha kuzalisha, uchuuzi hawautaki na uchuuzi wa kuvuka mpaka ndo kabisa, mtaonekana mnaomba hela ya magendo. Tukaangaliana. Mmoja wetu alishawahi kuhudhuria semina ya sabuni ya maji, siku mbili, na cheti alipewa. Basi ikaandikwa sabuni. Hivo tu, haikuchukua hata dakika kumi, yaani kikundi kikageuka kiwanda tukiwa tumekaa kwenye mikeka.

Hela ikatoka, milioni tano. Kwenye milioni tano tukatumia milioni moja na laki nane kununua vifaa na malighafi, mapipa, sulfoniki, slesi, gliserini, chumvi, rangi ya kijani na ile pafyumu ya limao ambayo mpaka leo nikiisikia mahali kichwa kinaniuma. Mwalimu alitusisitiza jambo moja, mkoroge upande mmoja tu, ukibadilisha mkono sabuni inakatika. Tukakoroga upande mmoja mpaka mabega yakalala. Sabuni ikatoka nzuri, nisiseme uongo, nzito, inatoa povu. Tukauza. Tuliuziana wenyewe kwa wenyewe, tukawauzia mashemeji, gesti moja ikachukua madumu mawili kwa mkopo na mpaka leo naidai, halafu ikasimama. Maana Tunduma hii, Mhariri, sabuni ya kiwandani inashuka kwenye maroli kila siku, ina lebo, ina harufu tatu za kuchagua, na bei yake ukijumlisha chupa tu unayonunulia wewe tayari umepitwa. Sabuni ikaingia mvunguni. Nyumba kumi, kila mvungu una sabuni.

(Sisemi sabuni ni kazi mbaya. Kuna dada namfahamu yuko Vwawa anaishi kwa sabuni hiyohiyo, ana mashule anayoyapelekea, namsalimu. Nasema sisi haikuwa kazi yetu.)

Miezi mitatu ya kujipanga ikaisha, marejesho yakawa yanaanza. Tukakaa kikao chini ya mparachichi nyumbani kwa katibu, kikao cha huzuni, kuna mtu alishaanza kulia kwamba mumewe hajui kama amesaini. Benki zilikuwa zimebaki milioni tatu na laki mbili ambazo kwa mpango zilikuwa za awamu ya pili ya sabuni. Katibu wetu ni mama wa maneno machache sana, akasema hii sabuni imeshatufundisha, kila mtu achukue laki tatu akafanye anachokijua, laki mbili zibaki kwenye kisanduku za dharura, na kila Jumatatu kila mtu alete elfu kumi na nne, sitaki kusikia habari za nani amefiwa. Basi. Sita tukaenda mchele, wawili wakachukua dagaa, mmoja vitunguu, mmoja akachukua ndala na mabeseni.

Laki tatu kwa bei ya wakati ule nilikuwa napata kama kilo mia na hamsini za mchele wa kawaida. Nikipata mzigo Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi navusha, Jumapili jioni hela imerudi imeshika mtoto mkononi. Faida haikuwa kubwa, mia mbili mpaka mia tatu kwa kilo kutegemea na kwacha, hela ya Zambia, imeamkaje, lakini ilikuwa inazunguka, hela ile ile naigeuza mara mbili kwa wiki ikikubali. Sabuni haigeuki hivo. Deni tukalimaliza wiki mbili kabla ya siku yenyewe, tukabaki na mitaji yetu, na kisanduku hakikuguswa.

Sasa sikia mambo. Yule afisa akaja amefurahi, amekuja na mwenzie mwenye kamera, tukaambiwa tuvae sare. Tukavaa vitenge. Zikatafutwa chupa kumi na mbili za sabuni iliyobaki mvunguni, tukazifuta vumbi, tukazitikisa maana ilikuwa imeshajigawa maji juu na uzito chini, tukapanga mezani, tukapigwa picha tunatabasamu. Ripoti ikaandikwa kikundi cha mfano, mradi wa utengenezaji sabuni, marejesho asilimia mia. Tulijua ni uongo? Tulijua. Tulinyamaza? Tulinyamaza, tena mimi ndo nilikuwa nimeshika chupa ya mbele.

Halafu wakaanza kuletwa vikundi vingine kwetu kujifunza. Vilikuja vitatu. Tukawafundisha kukoroga upande mmoja. Ukifika wakati wa chai, wageni wakubwa wakishaondoka, ndo tunawanong'oneza jamani eeh, sabuni tengeneza kidogo ya picha, hela nyingine kanunue mzigo. Vikundi viwili vikaelewa na vimelipa. Kikundi kimoja hakikukaa kunywa chai, walikuwa wanawahi gari. Wale waliweka hela yote kwenye sabuni, kwa moyo mmoja, wakaagiza mpaka mashine ya kufungia vifuniko. Mwaka jana mmoja wao alinikuta sokoni, ni binti mdogo tu, akaniambia mama tunatafutwa na mtendaji, ninyi mlifanyaje mkafanikiwa? Sikumjibu vizuri. Nilimnunulia soda. Ndo maana naandika.

Mtaniuliza kwani hao wakubwa hawaoni kwa macho. Kwa asiyepajua hapa, Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliopigiwa mstari katikati. Wanyamwanga wako huku na wako kule, shangazi Tanzania mjomba Zambia, msiba ukitokea kule sisi ndo tunapeleka masufuria. Asubuhi mteja wangu wa Nakonde ananisalimia mwapoleni bamayo, namjibu kwa Kibemba changu cha kuunga, tunapatana bei kwa Kiswahili, yeye anapima kwa meda mimi nimezoea sado, na hela inahesabiwa mara mbili, mara moja kwa kwacha mara moja kwa shilingi. Sensa ya 2022 imetukuta mjini hapa tuko zaidi ya laki mbili. Hao laki mbili hawakufuata uyoga. Wamefuata barabara ya Lusaka, reli ya TAZARA na huo mstari.

Na mstari wenyewe umejengewa, sio kwamba umesahaulika. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli, Mungu amrehemu, na Rais Lungu walikuja kuzindua kituo cha pamoja cha forodha, nilikuwepo nimesimama kwenye jua na kanga ya kichwani. Utaratibu wake ni kwamba roli linasimama mara moja, linalokwenda Zambia linamalizia Nakonde, linalotoka huko linamalizia kwetu, badala ya kukaguliwa huku halafu ukakaguliwe tena kule. Ni jambo jema, mizigo ya bandari ya Dar inayokwenda Zambia na Kongo inapita hapa na shaba inarudi hapa. Lakini ukisikiliza hotuba zote za mpaka huu toka enzi hizo utasikia maroli, masaa ya maroli, foleni ya maroli, maegesho ya maroli. Mimi kilo hamsini kichwani ni roli la namna gani?

Nilishawahi kujaribu kuwa raia mwema. Nikaenda dirisha moja, sitasema la upande gani, nikasema mwanangu nna mchele kilo hamsini, unakwenda hapo ng'ambo, nifuate utaratibu gani. Kijana wa watu akanieleza vizuri tu bila dharau, kibali hiki unaombea kwenye mtandao, cheti kile cha mkaguzi wa mazao, halafu utafute wakala wa forodha akuandalie nyaraka. Nikamuuliza wakala anachukua shilingi ngapi, aliponitajia nikamwambia asante mwanangu, hiyo ni faida yangu ya mwezi mzima. Akacheka na mimi nikacheka, nikatoka nje, nikaita bodaboda.

Bodaboda anapita wapi sisemi, kila mtu anajua. Na huko ndo hasara zote zinakokaa, huko ndo unakutana na mtu ana tochi hujui ni askari au ni mwizi na wote wawili unawapa, mwenzetu mmoja usiku mmoja kapoteza magunia matatu na kavunjika mkono juu yake.

Wenzetu wa Namanga, Sirari, Holili na Mutukula, mipaka ya Kenya na Uganda, wana ahueni, kule ni Afrika Mashariki kwa Afrika Mashariki, kuna cheti chepesi cha uasilia wa bidhaa, mzigo wako ukiwa hauzidi thamani ya dola 2,000 na uko kwenye orodha na umezalishwa ndani ya jumuiya, unajaziwa karatasi palepale mpakani, wakala humhitaji, ushuru wa forodha hulipi. Mi nina mdogo wangu yuko Namanga aliponieleza nilidhani ananitania. Karatasi hiyo hapa kwetu haifanyi kazi kwa sababu Zambia hayumo Afrika Mashariki. Yeye yuko COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, makao makuu yako Lusaka kabisa, na COMESA nao wana utaratibu wao wa wafanyabiashara wadogo, sisi tulikuwemo tukajitoa mwaka 2000. Tunakutana kwenye SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, huko wote tupo. Sasa mimi bibi wa darasa la saba nimelazimika kujifunza COMESA na SADC ni nini ili nielewe kwanini mdogo wangu anavuka na karatasi na mimi navuka na bodaboda. Hayo ni ya mawaziri, najua, siwezi kuyamaliza na barua. Lakini wanaotupa semina wangetuambia hata hilo tu, kwamba tatizo liko hapa, badala ya kutuambia tatizo ni kwamba hatuna ubunifu.

Turudi kwenye mikopo maana ndo iliyonitoa usingizini. Sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023 serikali ikaisimamisha kwa sababu ya vikundi hewa na upigaji, mwaka 2024 ikarudi na utaratibu mpya. Vizuri. Vikundi hewa vikomeshwe. Lakini naomba mniambie, kikundi chetu kilikuwa hewa? Tulikuwa kumi wazima, majina yetu, vidole vyetu, deni tumelipa kabla ya siku. Hewa ilikuwa sabuni. Na hiyo hewa haikutengenezwa na mtu mwizi, imetengenezwa na sehemu moja kwenye fomu ambayo haitaki kusikia neno mchele.

Tena hebu fikiria hela ya mapato ya ndani ya mji kama huu inatoka wapi. Inatoka sokoni, kwenye leseni za maduka, gesti, maegesho, stendi, ushuru wa mazao yanayokuja kuvuka. Yaani ni hela iliyozaliwa na kuvuka. Halafu ikishaingia ndani ikawa ya maendeleo ya jamii inaona aibu kurudi kwa wanaovuka, inataka kwenda kwa kuku. Mtu akilelewa na mama muuza kisamvu halafu akawa mkubwa akasema mimi kisamvu sili, tunamwitaje?

Najua jibu la upande wa pili na sio jibu la kijinga. Wanasema uchuuzi hauongezi kitu, unachukua kitu huku unapeleka kule, na mkopo wa biashara ya kuvuka mpaka ni hatari, mtu anaweza kuvuka na hela asirudi, au mpaka ukafungwa, au kwacha ikaanguka. Hili la kwacha nalikubali kwa machungu. Mwaka 2013 walipokata sifuri tatu kwenye hela yao mama mkwe alikuwa na bunda la noti za zamani kwenye sanduku la nguo, kalificha hata marehemu mumewe hajui, tumekuja kulifungua mwaka 2017 ameshakwenda Mungu amlaze pema, tukabaki tunaziangalia zile noti kama picha za harusi ya watu tusiowajua. Kwa hiyo hatari ipo. Na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na hiyo nayo kwa mji kama huu inataka watu wakae chini wafundishwe, maana mteja anatoka Nakonde na kwacha mfukoni, anataka sado nne za mchele, wewe unamwambia nenda kwanza benki? Mafunzo ya hivo ndo tunayataka. Nifundishe kuandika daftari lenye hela mbili nisijidanganye kwamba nimepata faida kumbe kwacha imeninyonya. Nimekaa kwenye semina sita toka nije Tunduma, hakuna hata moja iliyotaja neno kwacha.

Kuhusu kutoongeza kitu, mwaka 2024 nilitamani nimwite yule mtaalamu wa redio aje asimame na mimi Nakonde. Zambia walipigwa na ukame, Rais Hichilema akatangaza janga la taifa mwisho wa Februari, mahindi yakaungua shambani, bwawa la Kariba likashuka umeme ukawa wa kuhesabu masaa. Serikali kwa serikali wakakubaliana tuwauzie tani 650,000 za mahindi, hiyo ni ya maroli na treni, sawa. Lakini yule mama ninayemuuzia mchele yeye hakuwa anasubiri tani, alikuwa anasubiri sado. Nilikuwa nikifika ananipa simu mbili na kile kibetri cha taa, narudi navyo Tunduma nachaji, kesho yake navirudisha na mchele. Sikumtoza hela ya chaji. Alichonilipa ni kwamba mwezi mmoja nilipoumwa aliniwekea wateja wangu wote, kaandika majina kwenye karatasi la unga, nani alichukua ngapi na nani anadaiwa. Sasa huyo mama na mimi sisi ni kikundi kuliko vikundi vingi vyenye katiba, ila hatuwezi kusajiliwa pamoja maana mstari umepita katikati yetu.

Mahitaji yetu yenyewe sio makubwa kihivo. Stoo. Mchele wangu unalala kwenye kona ya chumba cha mtu karibu na mpaka, nalipa kwa gunia kwa usiku, na kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ikishika ule ukuta unatoa jasho, gunia la chini naligeuza kila asubuhi lisiote ukungu, na panya wao hawajui msimu. Jengo moja la bati, chaga za mbao chini, mlinzi na daftari, tungelipia, tunalipia sasa hivi kwa mtu binafsi, hizo hela zingeingia halmashauri. Choo na bomba pembeni, maana maji Tunduma kila mtu anajua habari yake, tunanunua kwa dumu, na mwanamke aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ya Juni, baridi la huku linavyouma, anahitaji choo kuliko semina. Na vijana wa mikokoteni wapewe hata kivuli cha kusubiria. Basi. Barabara na maroli wakubwa waendelee nayo.

Halafu mkopo. Sio lazima uwe mkubwa, laki tatu mtu ilitosha. Na sio lazima wa mwaka mzima, biashara yetu ni ya siku nne, tupeni kidogo, tukirudisha mtuongezee, marejesho yawe ya wiki, maana mwezi kwa mchuuzi ni mrefu, hela inapata muda wa kupata mawazo mengine. Afisa maendeleo aje Ijumaa saa mbili asubuhi asimame pale watu wanapovukia ahesabu mabeseni, atajua miradi ya mji huu bila kumuuliza mtu. Asije na kamera.

Yule binti wa soda nimemtafuta. Ilinichukua wiki mbili kupata namba yake. Nimemweleza ukweli wote, alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani salio limekata, halafu akaniuliza kwa hiyo ile picha? Nikamwambia ile picha ni ya kweli, vitenge ni vyetu, mvungu ndo haukupigwa. Sasa kikundi chetu kimempa mzigo wa dagaa wa laki mbili za kwenye kile kisanduku, anavuka na mimi, deni la wenzake wanalipa kidogokidogo.

Na sisi tumeomba tena. Fomu tumeipeleka Jumanne iliyopita. Kwenye sehemu ya aina ya mradi mwenyekiti kaandika mwenyewe kwa mkono wake, herufi kubwa, MCHELE, KUUZA NAKONDE. Yule afisa wetu alikuwepo, kaisoma, safari hii kalamu hakuiweka chini, kaniuliza tu mama una uhakika? Nikamwambia nna uhakika. Kapiga muhuri kaondoka nayo, bado tunasubiri.

Wenu msomaji,
Mama mchele, Tunduma